Kicheko cha Dirishani

"Mimi wifi yako tangu lini?"

Ndivyo alivyokaribishwa Batuli binti Aboud asubuhi ile alipofika Kibarani, mjini Kilifi, akabisha hodi kwa adabu zake zote na kusema, "Shikamoo, wifi." Marahaba hakuipata. Kuluthumu alikuwa amekaa ukumbini na ungo wa mchele mapajani. Alimtazama mgeni wake kuanzia kisigino mpaka utosini, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Nami simlaumu Kuluthumu hata kidogo. Aliyefedheheshwa ni ndugu yake wa tumbo moja, mbele ya Malindi nzima, na mmoja wa waliomfedhehesha ndiye huyu aliyesimama mlangoni na macho yaliyovimba kwa kulia. Ungekuwa ni wewe, ungemtandikia mkeka?

"Nimekuja kumwona Gharib," Batuli alisema polepole.

"Gharib yuko uani, anafunga mizigo. Anaondoka leo."

"Anakwenda wapi?"

"Kamuulize mwenyewe. Kinywa unacho. Si ndicho ulichochekea?"

Batuli alivua viatu, akapita kando ya ungo kwa kujikunyata, akaelekea uani.

Tumalizane kwanza na habari ya kicheko hicho, maana ndicho kilichovunja arusi.

Gharib alikuwa baharia wa meli ya mafuta. Mwaka huo wa themanini na saba Irani na Iraki walikuwa hawajachoka kupigana, na meli zilizopita Ghuba zilikuwa zikishambuliwa bila kuulizwa ni za nani. Tangu ampose Batuli, msichana hakula akashiba. Redio ikianza taarifa ya habari ya jioni, vidole vilimfa ganzi na moyo ukamwenda mbio, hata mama yake, Bi Hindu, akawa anamnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani, ili atulie. Barua hawakuandikiana. Walitumiana kanda za kaseti, kila mmoja akisema yake mpaka kanda iishe, na Batuli alikuwa akiisikiliza sauti ya Gharib huku ameifunga redio ndani ya khanga, nyumba isimsikie.

Mungu akajaalia, Gharib akarudi mzima. Siku ya arusi ikapangwa. Bwana arusi hakuwa na masharti, ila jambo moja tu alilomtuma dada yake Kuluthumu akaliombe: fataki zisipigwe.

"Arusi bila fataki?" Bi Hindu alishika kiuno. "Majirani watadhani tunasoma hitima! Mwanangu ni mmoja, naye nimtoe kimyakimya kama mjane?"

Hapo ndipo Batuli alipotakiwa kusema kitu. Aliyeombwa ni yeye, na neno lake lingetosha. Lakini wenzake wote waliolewa kwa fataki, na nafsi ikamwambia naye anastahili. "Basi ziwe kidogo tu, mama," akasema. "Pale zefe litakapopita mbele ya nyumba yetu."

Na zefe likapita. Ilikuwa baada ya Alasiri, hapo Muyeye, mjini Malindi, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Matari yanalia, kasida zinaimbwa, Gharib yuko katikati na joho jeusi na kilemba cheupe, wanampeleka msikitini kwenye nikaha. Batuli, hina haijamkauka vizuri, alikuwa nyuma ya pazia la dirisha na wanawake wenzake wakimchungulia. Lo, alipendeza mwanamume yule! Ndipo vijana wakawasha fataki.

Gharib alianguka chini kifudifudi. Akatambaa mpaka uvunguni mwa mkokoteni wa punda uliokuwa kando ya njia, akajifunika kichwa kwa mikono, akawa anapiga kelele, "Laleni chini! Laleni chini nyote!" Kilemba kilibaki katikati ya barabara. Matari yakanyamaza. Kule dirishani mwanamke mmoja akaangua kicheko, wa pili akakipokea, na Batuli naye akacheka. Hakucheka kwa dharau, wallahi. Alicheka kwa hofu, na kwa haya, na kwa kuwa wenzake wamecheka, na yeye tangu utotoni akishaanza kucheka hajui kujizuia. Lakini kicheko hakisemi kimetokea wapi. Kikishasikika kimesikika.

Baba yake, Mzee Aboud, alitazama dirishani, akatazama mkokoteni, akainua mkono. "Nikaha haisomwi leo," akasema. "Kijana akatibiwe kwanza."

Haya, sasa tumfuate uani.

Gharib alikuwa amechuchumaa mbele ya begi lake akikunja mashati. Alikuwa amekonda. Alipomwona Batuli, mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea na kazi.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Peke yangu. Mama anajua niko Gede, namtazama shangazi."

"Basi umeongopa."

"Nimeongopa. Ningesema kweli nisingefika." Batuli alikaa kwenye kibao cha kukunia nazi kilichokuwa karibu na kamba ya nguo. "Gharib, baba amesema neno. Ukikubali utibiwe, nikaha itasomwa. Yuko fundi mmoja, watu wanamsifu. Atakupunga siku chache tu, kitakachokuwa kimekupanda kitashuka, na yatakwisha."

"Atanipunga kwa kitu gani?"

"Kwa ngoma."

Gharib alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Yaani watanipigia ngoma mpaka niache kuogopa kelele?"

Batuli alikaribia kucheka, akajifumba mdomo kwa kiganja. Gharib aliuona mkono ule, na tabasamu lake likaondoka.

"Sina pepo mimi, Batuli. Naogopa tu. Nimeona meli imewaka moto, karibu nasi kama hapa na pale nyumba ya jirani, na watu wanaruka kutoka ndani yake, na sisi hatukusimama kuwachukua kwa kuwa tulikatazwa kusimama. Sasa mlango ukibamizwa, mwili unakwenda chini kabla yangu. Mimi hufika baadaye, nikaukuta umeshalala."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuomba fataki zisipigwe."

"Ungenieleza sababu!"

"Nilitaka nikuombe jambo moja, unipe bila sababu."

Maneno hayo yalimwingia Batuli pale hasa penye uchungu. Kwenye kamba, khanga za Kuluthumu zilikuwa zikidondoka maji, naye akazitazama hizo.

"Baba amesema hivyo," Gharib alisema. "Na wewe umesema nini?"

"Mimi? Baba ndiye walii wangu wa kuniozesha, Gharib."

"Sijakuuliza walii wako nani. Nimekuuliza wewe. Ulimwambia nini baba yako?"

Batuli aliinamisha kichwa. Hakumwambia kitu baba yake. Tangu siku ya arusi alikuwa amejifungia chumbani akilia, na chakula kikiletwa anakirudisha, lakini neno la kusema namtaka mtu huyu, vyovyote alivyo, halikumtoka kinywani. Aliona haya. Na tangu lini binti wa Mzee Aboud akasimama mbele ya baba yake kudai mume?

"Haya," Gharib akasema, akafunga zipu ya begi.

"Unakwenda wapi?"

"Mombasa, kwa wakala wa meli. Narudi kazini."

"Meli gani?"

"Ile ile."

"Kule kuna vita!" Batuli alisimama. "Gharib, wewe ndiyo kwanza umenambia unavyoogopa. Mtu anayeogopa anarudije?"

"Kule mtu akilala chini hachekwi," alijibu bila ukali wowote. "Kule sote tunalala chini."

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kanda ya kaseti iliyofutika maandishi kwa kushikwashikwa.

"Unaikumbuka hii? Ulikuwa ukinisimulia habari za nyumbani, mara mbuzi wa jirani akaingia akala ukili wa mkeka wa mama yako. Mama anamkimbiza, mbuzi anakwenda na ukili mdomoni, na wewe umeanza kucheka. Umecheka mpaka pumzi ikakuishia. Unajaribu kusema, unashindwa, unacheka tena."

"Nakumbuka. Nilitaka kuifuta, nikaona ni hasara kupoteza kanda."

"Ndiyo iliyokuwa ikinilaza. King'ora kikilia, taa zikizimwa, tukishuka chini tukisubiri, nilikuwa naitia redio sikioni na kusikiliza pale pa mbuzi. Nikifika mwisho nairudisha. Betri zikiisha nilikuwa nazianika juani zipate nguvu. Wenzangu waliniomba niwape wasikilize nao, nikawanyima. Nilikuwa nakionea wivu kicheko chako."

"Gharib, usiniambie zaidi."

"Acha nikwambie. Siku ile uvunguni mwa mkokoteni nilikisikia. Walicheka wanawake wengi, lakini chako nilikijua. Na unajua nilifanyaje? Nilifurahi. Nilidhani niko melini na redio yangu sikioni. Nikasema alhamdulillahi, nimesalimika. Kisha nikafumbua macho, nikaona viatu vya watu."

Batuli alilia. Alilia kwa sauti mpaka Kuluthumu akaja mlangoni na ungo wake, akasimama, akamtazama, kisha akarudi ndani. Kuanzia hapo sidhani kama alimchukia tena.

"Nisamehe," Batuli alisema alipoweza.

"Nimekusamehe zamani. Siondoki kwa chuki."

"Basi usiondoke."

Gharib alitundika begi begani. "Nisindikize kivukoni," akasema.

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele na Batuli nyuma kidogo, kama watu wasiojuana. Kule kwenye feri palikuwa na foleni ndefu ya magari na watu kuelekea upande wa Mnarani. Wanawake walikuwa wakiuza korosho na machungwa, na ardhi ilikuwa imelowa maji ya samaki. Katika waliosubiri Batuli alimwona Mzee Muhidin, ambaye duka lake linatazamana na duka la baba yake kule Malindi. Akavuta ukaya wa buibui usoni, akajificha nyuma ya muuza machungwa.

Hapo lori moja la mawe lililokuwa likijaribu kuwaka likatoa mlio mkubwa kwenye ekzosi. Paa!

Begi lilianguka upande mmoja na Gharib upande mwingine. Alikuwa amejikunja chini ubavuni mwa kikapu cha machungwa, mikono kichwani, magoti kifuani. Foleni nzima ikageuka. Utingo wa lori alikuwa wa kwanza kucheka. "Yakhe, umepigwa risasi ya wapi?" Wengine wakadakia. Mzee Muhidin alisogea apate kuona vizuri.

Batuli alisimama pale alipo. Alikiona kila kitu, akamwona na Mzee Muhidin. Kisha akapita katikati ya watu, akapiga magoti kwenye yale maji ya samaki, akalala ubavuni mwa Gharib na buibui lake, ukaya ukamvuka, uso wake ukawa wazi mbele ya watu wote.

"Niko hapa," alimwambia. "Gharib, niko hapa chini nawe."

Vicheko vilipungua kimoja kimoja. Mtu alisikika akisema, "Jamani, acheni, huyo ni mgonjwa," na mwingine, "Si binti Aboud huyo?" Batuli hakujali. Alikuwa akimsikiliza Gharib, maana alikuwa akinong'ona kitu, macho yamefumbwa, na vidole vyake vinapapasa ardhi.

"Mchanga," alisema. "Kamba. Ganda la chungwa."

"Unasema nini?"

"Ndivyo alivyotufundisha mkubwa wetu melini. Hofu ikikushika, gusa kilicho karibu, ukitaje jina. Ujue uko wapi." Vidole vikaendelea. "Mchanga. Kikapu." Kisha vikaufikia mkono wa Batuli wenye hina iliyoanza kufifia. Vikasimama hapo.

"Batuli," akasema.

Walibaki hivyo. Pumzi zake zilishuka taratibu, na rangi ikamrudia. Alipofumbua macho, safari hii hakuona viatu vya watu. Alimwona yeye, na tope shavuni.

"Siku ile ungekuja hivi," Gharib alisema, "leo ningekuwa mumeo."

"Niko sasa."

"Nimeshatia sahihi, Batuli. Na ninayekwenda kumpokea zamu amekwisha kuteremka melini, ana watoto. Siwezi kumrudisha."

Feri ilikuwa imefika. Gharib aliinuka, akamwinua na yeye, akampangusa mchanga begani kwa ncha za vidole, haraka, kama anayeiba. Kisha akatoa ile kanda akamtia mkononi.

"Nenda nayo. Nikiisikiliza sasa naona mkokoteni. Nikirudi nitakuomba unipe nyingine."

"Na usiporudi?"

Gharib aliingia katikati ya watu, akasimama nyuma ya lile lori, na feri ilipoondoka, Batuli hakuweza tena kumtofautisha na wengine.

Alirudi Malindi akiwa amelowa vile vile. Alimkuta baba yake barazani, tasbihi mkononi, na hakumpa Mzee Muhidin nafasi ya kumtangulia.

"Baba, sikwenda Gede. Nilikwenda Kilifi kwa Gharib. Nimelala naye chini kivukoni mbele za watu, na Mzee Muhidin ameniona. Ukitaka kunipiga nipige. Lakini namtaka Gharib, baba. Vyovyote alivyo, ndiye ninayemtaka."

Mzee Aboud aliiweka tasbihi pajani. Hakuinua mkono wala sauti.

"Mbona unanambia leo?" aliuliza.

"Niliona haya."

"Batuli, mwanangu. Siku ile nilisimama pale njiani sijui nifanye nini. Kijana nilimpenda, baba yake alikuwa rafiki yangu. Nikatazama dirishani kwako. Mwali huulizwa, naye hujibu kwa kunyamaza kwake. Ungenyamaza, ningekwenda mimi mwenyewe uvunguni mwa ule mkokoteni, nimtoe, nimvike kilemba chake, twende msikitini. Wewe ulicheka. Nikasema mwanangu hamtaki huyu, anataka nimtoe katika aibu hii."

"Na ile ya kupungwa?"

"Nilitafuta neno la kuwaambia watu," mzee alisema.

Alfajiri Mzee Aboud alikwenda Mombasa mwenyewe, na miguu yake ile inayomuuma. Kwa wakala wakamwambia mabaharia walipandishwa ndege ya Dubai usiku uliopita. Alirudi jioni na kofia mkononi. Batuli alimwona tangu kwa mbali, akajua.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na desturi mpya. Taarifa ya habari ikikaribia, Bi Hindu anakwenda jikoni hata kama hana cha kupika, Mzee Aboud anatoka kwenda msikitini kabla ya wakati, na Batuli anabaki peke yake chumbani na redio. Siku moja mtangazaji akasema meli ya mafuta imepigwa kombora huko Ghuba. Jina la meli halikutajwa. Waliokufa wapo, idadi haijulikani.

Moyo wa Batuli ulianza kukimbia, na vidole vikamfa ganzi. Alipapasa chini.

"Mkeka," alisema. "Kikombe. Khanga."

Akatafuta kitu kingine cha kugusa, asikipate. Akafungua kasha lake la nguo, akatoa ile kanda, akaitia katika redio. Kwanza ikasikika mikwaruzo, kisha sauti ya msichana ikisimulia habari za mbuzi, kisha kicheko. Kilikuja chote, kinapanda na kushuka, kinakata pumzi na kuanza tena, mpaka kikajaza chumba.

Jikoni sufuria ikatulia.

"Batuli!" Bi Hindu aliita. "Ni nani huyo anayecheka vizuri hivyo?"

Batuli alizima redio.

"Simjui, mama," akasema.